Mashine ya hewa ya moto kwenye ukuta wa mbao: uzoefu wangu hapa Goma

Njia ipi inafaa? Nianze na jibu: kwa kubandua rangi ya zamani kwenye nyumba ya mbao, mashine ya hewa ya moto inaishinda dawa ya kopo (kemikali ya kulainisha rangi), na soda kostiki, ile magadi kali inayounguza, inaiacha mbali kabisa. Ila ina masharti yake, na mengine si madogo.

Nyumba yetu iko Katindo, ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, kama nyingi zilizosimamishwa hapa baada ya lava ya Januari 2002. Imepakwa rangi juu ya rangi, ya mafuta chini, ya maji juu yake. Upande unaopigwa na mvua ulikuwa unajimenya kama ngozi ya nyoka. Ukipaka mpya juu ya hiyo, zinadondoka pamoja.

Dawa ya kopo niliijaribu mlangoni. Inauma vizuri, lakini ukutani inateremka, jua likiwaka inakauka kabla ya kazi kuisha, na bei yake kwa nyumba nzima haifai. Soda ni ya bei rahisi, na madukani huko Birere watakusifia sana. Lakini inainua nyuzi za mbao na kuzitia weusi, tena usipoiosha vizuri na kuipoza kwa siki, rangi mpya haishiki. Kuosha ukuta mzima kwa maji ya kununua kwa bidoni (madumu)? Hapana.

Mashine yenyewe ni ya wati 2000, ina hatua mbili za joto. Nilitoa dola 30. Unaishika kama sentimita 5 kutoka ubaoni na kuisogeza bila kusimama. Rangi ya mafuta inafanya malengelenge, kisu cha kukwangulia kinafuata nyuma, upande nyuzi zinakoelekea, na rangi inatoka vipande virefu. Raha kweli! Rangi ya maji ndiyo tabu: inalainika ikawa ulimbo, inanata kisuni, kila mara unafuta.

Umeme sasa. Kwa volti 220, wati 2000 ni karibu ampea 9, na ralonji (nyaya za kurefusha umeme) nyembamba za sokoni zinapata moto mkononi. Fundi alinitengenezea moja ya waya wa milimita 2.5 za mraba. Katika keshi pawa, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakula yuniti mbili kwa saa. Jenereta ndogo ya wati 900 usiisumbue.

Hofu kubwa ni nyuma ya mbao. Kule kuna utando wa buibui, vumbi kavu, magazeti ya zamani yaliyozibia upepo. Hewa ya moto ikiingia ufani, takataka hizo zinaweza kufuka moto polepole bila kuonekana, na karibu na nyumba za mbao zilizobanana hilo si mchezo. Kwa hiyo sikuielekeza kwenye nyufa hata kidogo, ndoo ya maji ilikuwa karibu, na nikimaliza nilibaki nimekaa pale saa nzima nikinusa. Mama mkwe alidhani nimechoka.

Kuna na risasi, yale madini yenye sumu. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa nayo, huwezi kuitambua kwa macho, na inaharibu ubongo wa watoto. Joto kali mno linaigeuza moshi, ndiyo maana nilibaki hatua ya chini hata kama kazi inakwenda polepole. Sikupiga msasa mkavu, nililowesha kwanza. Chini nilitandika shitingi, watoto na kuku wakahamia kwa jirani, nikavaa barakoa ya FFP2, ile nzito ya kuchuja vumbi laini, maana zile nyepesi za hospitali zinapitisha vumbi hilo. Magamba yote niliyafunga kwenye mfuko. Binti anayetusaidia jikoni alitaka kuyawashia mbabula (jiko la makaa), nikamwambia hapana, moshi wake ungeishia kwenye sombe yetu, mboga ya majani ya muhogo.

Karibu na vioo vya madirisha niliizima kabisa nikatumia kisu na mkono, kwani joto la upande mmoja linapasua kioo.

Ukiwa na ukuta mmoja tu, usinunue, kodi kwa fundi wa milango. Ukinunua, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwenye hatua ya juu kwa dakika kadhaa kabla hujatoa pesa: ikizima yenyewe au mpini ukinuka plastiki, mrudishie palepale.