Kadi ya chanjo niliyopewa ilikuwa tupu

Nimekesha siku kumi kwa sababu ya mtu aliyeona uvivu kujaza mstari mmoja, na mpaka leo hajasema hata pole.

Miezi kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye kituo cha kuokoa mbwa hapa Kampala, nikarudi Kireka na jike mwekundu tukamwita Karanga. Kijana anayewalisha pale, Mungu ambariki, anamjua kila mbwa na tabia yake. Aliniambia, "Mama, huyu anaogopa ufagio, usimwinulie." Kweli kabisa. Nilipoushika tu, alijikunyata nyuma ya pipa la maji akajikojolea. Mpaka leo nafagia ua akiwa ndani.

Shida ilikuwa ofisini. Nililipa, dada wa mapokezi akanipa kadi ya chanjo akisema kila kitu tayari. Sikuifungua. Mbwa alikuwa ananilamba vidole, ningeikagua saa ngapi?

Sasa sisi tunakaa kwenye mizigo, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, watoto wote wanacheza hapo hapo. Juzijuzi mtoto wa jirani alimkanyaga Karanga mkia akiwa anakula posho (ugali) na mukene, wale dagaa wetu, naye akageuka akamng'ata mguuni. Jino moja, damu kidogo. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mama yake akilia kumshinda mtoto. Halafu akaniuliza, "Mbwa wako amechanjwa?"

Nikakimbilia kadi. Jina lipo, rangi ipo. Penye chanjo ya kichaa cha mbwa hapakuwa na tarehe, wala sahihi, wala kile kibandiko cha chupa ya dawa.

Nikampigia simu yule dada wa mapokezi. "Umepewa mbwa karibu bure, sasa unataka nini tena?" Ndivyo alivyonijibu! Nikamwambia dada, kuna mtoto ameng'atwa. "Basi mpelekeni hospitali." Akakata.

Ugonjwa huu dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mama yule analijua hilo, mimi nalijua, na dada wa mapokezi anafanya kazi na mbwa kila siku! Mtoto alianza sindano siku ile ile, akarudi siku ya tatu, akarudi ya saba, na boda zote nililipa mimi, sikusubiri kuombwa. Karanga tulimfunga siku 10, kwa maana mbwa aliyekuwa na virusi mateni wakati wa kung'ata huugua au kufa ndani ya siku hizo. Kila alfajiri nilimsogezea maji, nikachuchumaa kuangalia koo lake kama anameza.

Alimeza kila siku.

Siku zilipotimia nikawa tayari kuwaambia watu wote wasikanyage pale. Kisha kijana yule wa chakula akanipigia kwa simu yake mwenyewe. Alikuwa amesikia, akaenda kupekua daftari la daktari: Karanga alichanjwa kabla sijamchukua. Nililia kwa furaha, na nilipomaliza kulia hasira ikarudi mara mbili. Jibu lilikuwa kwenye daftari, chumba cha pili kutoka meza ya yule dada, wakati mtoto wa watu anachomwa sindano!

Kwa hiyo niseme msiende? Siwezi. Wale mbwa bado wapo nyuma ya waya, na Karanga ndiye mbwa mwema kuliko wote niliowahi kufuga. Nendeni, ila fungueni kadi pale pale mezani, na kama kile kibandiko hakipo, msiinuke kitini hata wakikunja uso. Na mkimkuta huyo dada, ombeni kuhudumiwa na mtu mwingine. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Mtoto amepona, anamtupia Karanga mukene kupitia dirishani. Mama yake tunasalimiana, lakini bado nikipita na mbwa anafunga mlango.