TAHADHARI!! Rangi ya ukuta ya damu ya mzee hapa Mwanza, nimepigwa mchana kweupe

Jamani watu wa Mwanza naomba mnisome, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Wale mliokuwepo kwangu Jumapili wakwe walipokuja mlijionea wenyewe, sasa leo nasema ilivyoanza.

Nilitoka Buswelu asubuhi nikashuka mjini kutafuta rangi ya ule ukuta wa nyuma ya tv. Maduka mawili ya kwanza bei ilinishinda, nikaingia la tatu. Kuingia tu kijana muuzaji ananyanyuka, "mwangaluka mayu", nikaitikia, akaniuliza kwetu wapi nikamwambia Magu, akasema eeh hata mama yake wa Magu, akanivutia kiti, akamtuma mtoto aniletee maji ya kunywa. Sasa mtu anayekusalimia Kisukuma kwa heshima vile utaanzaje kumshuku? Na duka limejaa makopo mpaka darini, na mafundi wawili wamekaa pale wanamsifia, leo ndo najua walikuwa watu wake.

Akachukua kipande cha jipsam, akachovya brashi kwenye kopo dogo akapaka mbele yangu. Ile rangi jamani!! Nyekundu nzito imeiva, ukiisogeza mlangoni inang'aa, ukiirudisha kivulini inakuwa kama zambarau. Nikaiona kabisa na makochi yangu ya krimu. Nikamwambia fundi wangu kasema nyekundu iliyokolea haifuniki haraka, lazima nitangulize koti ya kijivu halafu nyekundu mikono 2 au 3, akacheka, "mayu huyo anataka kukulia hela ya siku, hii yangu mkono mmoja unamaliza". Nikaamini. Fundi aliyenijengea tangu msingi nikamuona mwongo, mtu wa nusu saa nikamuona ndugu.

Akaingia nyuma kuchanganya, akatoka na ndoo ya lita 20 imezungushiwa selotepu. Nikatuma 140,000 kwa simu, jina likaja la mwanamke, akasema mke wangu huyo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mashine haina mtandao, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari.

Mkono wa kwanza ukutani pinki. Wa pili pinki yenye mabaka. Wa tatu ndo tumepata rangi ya tofali. Fundi akaingiza kijiti chini ya ndoo kikatoka na tope jeupe, akaniambia mama hii ni chokaa imekorogwa na rangi ya unga, damu ya mzee inachanganywa kwenye rangi ya msingi isiyo na weupe, ukiweka nyekundu kwenye nyeupe utapata pinki tu hata ufanyeje. Na wageni wako njiani!

Jumapili ba'mdogo wangu katoka Ukerewe na meli, shati jeupe la kanisani, kakaa kaegemea ukuta wangu, kunyanyuka kupokea wakwe mgongo wote mwekundu kama mtu aliyechinjiwa. Mzee wa watu hakusema neno, akavua shati akakaa na singlendi mbele ya wakwe. Nililia jikoni.

Nimempigia yule mtu, kwanza "bado haijakauka mayu, ipe wiki", baadaye kaniblok. Nimeenda mwenyewe, kaniangalia usoni anasema hanijui!! Huyu akamatwe, alale ndani, duka lifungwe, arudishe hela ya kila mama aliyemlia, TBS wale wa viwango na Tume ya Ushindani waje wafungue kila ndoo pale nyuma. Faini haitoshi kwa mtu kama huyu!

Mkienda kununua: ichanganywe kwa mashine mnaona, na kifuniko kifunguliwe mbele yenu. Sampo itoke kwenye ndoo yenyewe, sio kopo la pembeni. Akikataa risiti ondoka, jina la simu likiwa sio la duka ondoka. Ikishakauka siku kadhaa sugua na kitambaa cheupe chenye maji, yangu ilitoka yote. Mengine muulizeni fundi wenu, msifanye kama mimi.

Jana jioni nimepita pale na bodaboda nikamuona anampakilia mama mmoja ndoo 2 kwenye bajaji. Nimempigia kelele yule mama asimame, hakunisikia, bajaji ikaondoka.