Kendu Bay hadi Homa Bay kwa miguu: kijana mwelekezi apewe kumi kwa kumi, kampuni ipewe nne

Mimi si mpanda milima. Ni mwalimu wa Kisumu, miaka 46, na goti langu la kushoto hulalamika nikifika ghorofa ya pili. Ndiyo maana tangazo la kampuni moja ya matembezi (jina nimelimeza makusudi) lilinipata kirahisi: "Matembezi mepesi ya siku moja, mji hadi mji kando ya ziwa, kupitia Homa Hills, kilomita 18." Shilingi 3,500, usafiri kutoka Kisumu, mwelekezi, maji na chakula cha mchana vikiwemo. Nikatuma kwa M-Pesa usiku uleule.

Hizo kilomita 18 ziwekeni akilini.

Tuliambiwa gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Lilikuja saa kumi na mbili na nusu, dereva akitafuna chapati kana kwamba sisi ndio tuliomwamsha mapema. Tulikuwa tisa. Tukapita Ahero, tukapita Katito, na jua lilipoanza kuuma tukawa Simbi Nyaima, nje kidogo tu ya mji wa Kendu Bay.

Hapo sina lawama hata moja. Simbi ni ziwa dogo lililokaa ndani ya kreta, mviringo kama lililochorwa kwa kamba, na maji yake ni mazito ya kijani, ya magadi, hayana samaki. Ziwa Victoria liko jirani kabisa, lakini haya mawili hata rangi hayafanani. Flamingo walikuwa wamejipanga ukingoni, vichwa chini, hawana habari na sisi. Mwelekezi wetu alitukuta pale, kijana mwenyeji wa Karachuonyo, miguuni akala za tairi, mkononi fimbo. Nilitazama zile akala nikatazama buti zangu za elfu sita nikajiona wa maana. Kufikia saa tisa nilikuwa nimebadili mawazo.

Alitusimulia kisa cha Simbi bila madoido. Kikongwe mgeni alifika usiku watu wakiwa kwenye pombe, akafukuzwa kila mlango, isipokuwa kwa mwanamke mmoja aliyempa chakula. Kikongwe akamwambia ahame usiku huohuo. Mvua ikashuka, kijiji kikazama, na ndilo jina lenyewe: Simbi iliyozama. "Kwa hivyo kwetu mgeni haulizwi kama amekula," akamalizia. "Anapakuliwa." Nakumbuka sentensi hiyo kwa sababu ya yaliyotupata saa saba.

Kutoka Simbi gari likatusogeza hadi chini ya mlima. Kumbe ule mji hadi mji sehemu yake ni kwa gari. Sawa, sikugomba, goti lilishukuru.

Sasa mlima wenyewe. Mtu wa pwani akisikia "Mlima Homa" atauliza dawa yake ni gani. Wenyeji huuita Got Uma. Ni volkano ya kale iliyozimika, kilele chake kiko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi, kupanda kwenyewe ni kama mita mia sita ukiamua kufika juu kabisa. Sisi tulikata begani tu. Mawe ya huku si meusi kama ya volkano nyingi tulizozoea. Mengi ni ya jamii ya chokaa, meupe yanayoelekea kijivu, na vumbi lake hukaa kwenye viatu kama unga wa mahindi.

Njia hupita kati ya mashamba yaliyozungushiwa ojuok, ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani. Mwenzetu mmoja akavunja kijiti ili apite, utomvu mweupe ukamdondokea kiganjani, naye akainua mkono kufuta jasho usoni. Kijana alimdaka mkono ukiwa hewani! Akamnawisha kwa maji ya chupa yake mwenyewe, akasugua kwa mchanga, akanawisha tena. "Hii ikiingia jichoni, leo unalala hospitali." Kwa tendo hilo moja nilikuwa tayari kumlipa mara mbili.

Kuna jambo la pili lililonipendeza. Rasi hii ya Homa ni shamba la wachimbuaji wa mambo ya kale. Mahali paitwapo Kanjera wamepata zana za mawe za miaka kama milioni 2, na mwaka 2023 ikatoka taarifa ya Nyayanga, upande wa magharibi: zana za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Yaani watu, au viumbe waliotangulia watu, walikuwa wakichinja hapa kabla Kisumu haijafikiriwa. Jamaa mmoja kwenye kundi aliposikia hayo akaanza kutia kila jiwe lenye ncha mfukoni. Kijana akasimama, akamwomba ayarudishe yote, moja moja, palepale alipoyaokota. "Hata kama ni jiwe tu, bosi." Jamaa akanuna, akarudisha.

Begani upepo ukatupokea. Kaskazini Ghuba ya Winam yote iko wazi, na ng'ambo yake rasi ya Uyoma imelala kama mamba. Karibu na ufuo, vizimba vya samaki vimepangwa miraba miraba, na nchi kavu mabaka ya fedha yanang'aa: omena wameanikwa kwenye nyavu. Kusini nikaona kilima chenye ncha kali, nikashangilia nikidhani tumekaribia.

"Mwalimu, ile ni Asego. Mji wa Homa Bay uko chini yake," akasema kijana. "Lakini usiitazame sana, itakuchosha."

Alijua anachosema. Chakula cha mchana kilikuwa vipande viwili vya mkate na soda ya moto, maji nusu lita kila mtu, basi. Kufikia saa saba tulikuwa tunagawana maji kwa vifuniko vya chupa. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama nje ya boma lake. Kijana alimwita "mama", wakasemezana Kijaluo, na baada ya muda mfupi likatoka sufuria la nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na jagi la maji ya mtungini, baridi kuliko friji. Alikataa pesa. Tulimwachia sukari tuliyokuwa nayo. Kampuni iliyolipwa 31,500 na watu tisa ilishindwa na mama huyu.

Kuteremka ndiko kulikoniua. Changarawe, jua la utosini, goti. Tulipoibukia barabara kuu simu yangu ilikuwa imehesabu kilomita 22, na mji bado uko mbali. Wawili wakaketi chini wakasema hawaendi. Kampuni haikuwa na gari la akiba, dereva hapokei simu. Tukaita boda, kila mtu mfukoni mwake, mimi 200, tukaingia Homa Bay saa kumi na moja na nusu kama wakimbizi. Samaki wa kukaanga na ugali pale karibu na ziwa ulinirudishia utu.

Kwa anayetaka kwenda: njia hii nzuri, nitairudia, lakini si nyepesi na si ya kilomita 18 kwa hesabu yoyote. Mwende miezi ya Juni au Julai, jua si kali kama Januari. Maji lita tatu kila mtu, mkate wenu wenyewe, na muwe mnapanda kufikia saa moja asubuhi. Mwelekezi mtafuteni Kendu Bay, mkubaliane bei na yeye ana kwa ana. Nilimuuliza kijana kampuni humlipa ngapi kwa siku. Akacheka kwanza, kisha akasema: 600.

Kuhusu 200 zangu za boda, kampuni imesema itarudisha. Leo ni wiki ya tatu.