Uzoefu wangu na udongo wa mfuko kwa mimea ya majani manene

Mwezi Februari nilinunua katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, Dar es Salaam, mfuko wa kilo 10 wa udongo uliokwisha kuchanganywa, ambao karatasi yake ilieleza kuwa ni maalumu kwa mishubiri, dungusi na mimea mingine ya majani manene. Nililipa shilingi 12,000, bei iliyomchekesha mama yangu, ambaye kwake udongo ni kitu cha kuchota nyuma ya nyumba. Nilihamishia humo mimea sita hapa Morogoro, miwili kati yake ikiwa mawaridi ya jangwani, yaani mimea ya maua yenye shina nene linalohifadhi maji.

Mwezi wa kwanza sikuwa na la kulalamika, kwani udongo ulikuwa safi, usio na magugu wala harufu ya samadi mbichi. Masika ilipokolea, waridi moja lilianza kupukutisha majani, na nilipolibonyeza shina karibu na udongo likabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Nililing'oa nikakuta mizizi imegeuka kahawia, ngozi yake ikivuka vidoleni na kubakiza uzi mwembamba wa katikati.

Nilimwaga udongo uliosalia kwenye sinia nikauchambua kwa mkono. Takriban nusu yake ilikuwa usumba wa nazi, uliobaki ukiwa mboji na mchanga laini, na changarawe za kuhesabika. Usumba hunyonya maji na kuyashikilia kwa muda mrefu, sifa inayofaa sana kwa miche ya mboga, ilhali mchanga laini huziba nafasi ambazo hewa ingepita. Katika chungu kimoja kijiti nilichochomeka hadi chini kilitoka kibichi siku ya tisa baada ya kumwagilia, ingawa chungu hicho kilikuwa barazani, mvua isikofika.

Sikuutupa. Kwa kila kopo moja la udongo huo niliongeza makopo mawili ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa, pamoja na nusu kopo ya mchanga wa mto wenye punje kubwa. Mchanga wa pwani niliuepuka kwa sababu ya chumvi yake. Kazi kubwa ni kuchekecha. Mara ya kwanza nilipuuza hatua hiyo, na vumbi la tofali likagandamana juu ya chungu kama lipu, hivyo sasa nabakiza vipande vyenye ukubwa wa kati ya punje ya mahindi na harage. Ushauri wa muuzaji wa kutandika kokoto chini ya chungu sikuufuata, kwa sababu maji hubaki katika udongo ulio juu ya kokoto mpaka ulowe kabisa ndipo yateremke.

Tangu hapo maji hutokea tunduni kabla sijaweka jagi chini, na kijiti hutoka kikavu siku ya nne. Mimea mitano imevuka masika salama, na lile waridi, baada ya kukatwa juu ya sehemu iliyooza na kukaushwa kivulini kwa wiki moja, lilichipua mwezi Juni.

Kwa matumizi yaliyotajwa kwenye karatasi, sitaununua tena. Muuzaji nilipomweleza alinijibu kwa upole kwamba wateja wengi humlalamikia udongo ukikauka upesi, ndiyo maana huongeza usumba. Kiasi kilichobaki nimekitumia kuoteshea miche ya nyanya, nayo imestawi vizuri.