Dakika 2 zisizokwisha: uzoefu wangu na programu ya kufuatilia treni

Asubuhi moja simu iliniambia treni yangu inafika baada ya dakika 2. Nikamshika mwanangu mkono, tukashuka ngazi mbio, tukafika jukwaani tunahema. Zile dakika 2 zikaganda. Zikapanda zikawa 5. Halafu treni ikafutika kabisa kwenye skrini, na hakuna behewa hata moja lililopita mbele yetu. Mtoto akaniuliza imekwenda wapi. Sikuwa na jibu.

Sikuifuta programu. Nilianza kuandika kwenye daftari: imesema nini, na treni imekuja saa ngapi. Sasa ni mwezi wa nane tangu nianze.

Treni ikiwa imebakiza stesheni moja au mbili, naiamini programu. Ikikosea, hukosea kwa dakika moja hivi. Inapoharibika ni karibu na mwanzo wa njia. Treni ambayo haijaondoka haina mwendo wa kupimwa, kwa hiyo mara nyingi unachoonyeshwa ni saa ya ratiba tu. Dereva akichelewa au mlango ukigoma kufunga, ratiba haina habari. Na safari ikifutwa bila mtu kuiondoa kwenye mfumo, inaendelea kuhesabiwa kama mfanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara. Naamini ile yetu ilikuwa treni hewa.

Jambo lililonifumbua macho zaidi ni jinsi treni inavyoonekana. Nilidhani zote hufuatwa kwa setilaiti, sawa na simu yangu. Zipo zinazofuatwa hivyo, lakini ndani ya handaki setilaiti haifiki. Njia nyingi hutegemea reli yenyewe: imegawanywa vipande, na katika kila kipande unapita umeme mdogo. Magurudumu yakiingia, yanaziunganisha reli mbili na mfumo unajua kipande kimekaliwa. Ufundi huu ni wa zamani. Mvumbuzi William Robinson aliupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1872, na shabaha yake ilikuwa treni zisigongane. Kwa kazi hiyo inatosha kujua kwamba kipande kina treni. Abiria anayehesabu dakika anahitaji zaidi: treni iko mwanzoni mwa kipande au mwishoni, inakwenda au imesimama? Hapo programu inakisia. Ndiyo maana dakika huganda, kisha zinaruka mbili kwa mpigo.

Tena habari yenyewe hufika imechelewa. Hutoka relini, ikapita kwenye mitambo ya shirika, ndipo ije kwenye simu. Tuseme inasasishwa kila sekunde 30: treni ya kilomita 60 kwa saa imeshakwenda mita 500 kabla hujaonyeshwa lolote jipya.

Yapo pia yasiyoweza kukisiwa na mtambo wowote. Abiria akizuia mlango, au mwongozaji akiisimamisha treni yako kwenye makutano ya njia ili nyingine itangulie, hesabu yote inaanza upya. Hilo silaumu.

Ninalolaumu ni kwamba programu hii inaandika saa ya ratiba na saa iliyopimwa kwa rangi ileile na herufi zilezile, wakati aliyeitengeneza anajua ipi ni ipi. Mzee anayetembea kwa mkongojo anaharakishwa na tarakimu ambayo hakuna chombo kilichoipima! Neno dogo tu, "ratiba", pembeni ya saa lingetosha, pamoja na muda uliopita tangu treni ionekane mara ya mwisho.

Naipa nyota 3 kati ya 5, na bado ninaitumia kila siku. Ila sasa kabla ya kutoka naitazama kwa dakika nzima. Dakika zikipungua, tunaongeza mwendo. Zikiganda, tunashuka ngazi taratibu, mkono kwa mkono.