Hilux ya kilomita 387,000: nilivyoikagua kabla ya kulipa

Nabeba karoti na kabichi kutoka Lushoto kushuka Mombo, kilomita 30 na ushee za kona tupu. Kwa hiyo nilipopata Hilux ya injini ya 5L (jina la injini, si lita 5), dizeli isiyo na turbo, kwa shilingi milioni 11.5, rangi sikuiangalia.

Nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika. Saa kumi na mbili asubuhi nikagusa boneti: baridi. Ikawaka mara moja, ikatoa moshi mweusi kidogo, ukakata. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Haikupuliza moshi, maana yake ringi za pistoni bado zinabana. Hapo nikapumua.

Chesisi ndiyo ilinitia wasiwasi. Juu ya springi za nyuma kutu ilikuwa imekula hadi bisibisi ikazama. "Kaka, hilo vumbi tu," akasema muuzaji. Halikuwa vumbi. Kuchomelea laki 4 na nusu. Bado klachi inayokamatia juu, dalili ya kuisha, na mkanda wa taimingi ambao hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha. Fundi akapiga hesabu ya milioni 1.3, nikazikata kwenye bei, tukaelewana 10.2.

Huu ni mwezi wa saba tangu niinunue, magunia 10 kila safari. Mlimani inapanda taratibu, gia namba 2 sehemu kubwa, kiyoyozi hakuna. Anayetaka gari la kukimbilia Dar asiichukue. Kwa mzigo wa huku kwetu, ningeinunua tena kesho.