Shotigani ya mtumba: chungulia mtutu kabla hujataja bei

Wiki mbili hizi nimepata ujumbe wa aina moja kutoka kwa watu watatu. "Dada, nimeona shotigani iliyotumika, ile bunduki ya marisau, mzee anataka dola 550. Ni bei halali hiyo?" Picha wanazonitumia zote ni za ubavuni: mbao inang'aa, chuma kinang'aa. Hakuna hata mmoja aliyenitumia picha ya ndani ya mtutu.

Swali hilo linaniuma. Miaka minne iliyopita, kwenye maonyesho ya silaha hapa Iowa, nilitoa dola 650 taslimu kununua bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kitako cha mjozi kimenakshiwa vizuri ajabu. Muuzaji aliniambia ilikuwa ya marehemu babu yake na ilikaa kabatini tu. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima nipate bunduki yangu ya kuwinda fezanti, wale ndege wa jamii ya kware wanaojaa kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa kuanzia mwisho wa Oktoba. Nikalipa, nikaondoka.

Fundi bunduki ndiye aliyenionyesha. Aliikunja, akahakikisha haina risasi, akaelekeza mitutu dirishani, akaniambia nichungulie upande wa chemba, pale risasi inapowekwa. Mtutu wa kushoto ulikuwa safi: duru za mwanga zimepangana moja ndani ya nyingine hadi mdomoni. Wa kulia nao ulikuwa safi, mpaka kama shubiri moja kabla ya mdomo. Hapo palikuwa na duara jeusi, jembamba, kama kivuli cha pete. Akanishika kidole akakipitisha nje ya mtutu, taratibu. Nikahisi kituta kidogo sana, unene wa ukucha. Macho yangu hayakukiona hata baada ya kidole kukijua.

Huo ni uvimbe wa mtutu. Hutokea mtu anapofyatua kukiwa na kitu kimekwama ndani: tope, theluji, au kizibo cha risasi iliyotangulia. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha risasi ya geji 20 kutumbukia kwenye bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba). Inateleza ikipita chemba, inakwama mbele kidogo, mwenye bunduki anadhani hakupakia, anaweka ya geji 12 nyuma yake. Mtutu ukiwa na bahati unavimba, ukikosa unapasuka karibu na mkono wa mbele. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za njano, macho yazitofautishe.

Bunduki yangu ya dola 650 fundi aliithamini dola 150, ya kutundika ukutani. Mitutu miwili imelehemiwa pamoja tangu kiwandani, kwa hiyo huwezi kubadilisha mmoja ukaacha mwingine. Na tusi juu ya jeraha: chemba zake zilikuwa fupi, milimita 65, kama zilivyo bunduki nyingi za zamani za Ulaya, wakati risasi za kawaida dukani leo ni za milimita 70. Ganda linaingia bila shida. Shida inakuja linapofunguka na kukosa nafasi, shinikizo linapanda.

Kwa hiyo sitakuchosha na mambo ya mikwaruzo kwenye mbao. Kila muuzaji atakuonyesha mikwaruzo, tena kwa hiari, ili ashushe dola 20 ujione umeshinda. Wewe nenda na tochi ndogo. Omba bunduki ifunguliwe, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba ni tupu, kisha chungulia mtutu ukiuzungusha polepole. Kivuli kinachozunguka mtutu mzima ni uvimbe. Kivuli cha upande mmoja ni kibonyeo, na kibonyeo fundi anaweza kukinyoosha. Ukiona uvimbe, hesabu bei ya bunduki bila mtutu, kisha ujiulize kama mtutu mwingine unapatikana.

Hapo ndipo ninapoegemea Remington 870, na sifichi: ile ya Wingmaster, chuma kilichong'arishwa na mbao ya mjozi. Ipo tangu 1950 na zimetengenezwa mamilioni. Unafungua kifuniko cha mbele, mtutu unachomoka mkononi mwako, na mwingine wa mtumba nimeuona kwa dola 150 hivi. Uvimbe hauui bunduki hiyo. Kwa Wingmaster yenye mtutu mzima mimi nalipa kati ya dola 350 na 450. Ubavuni kwa mtutu, karibu na mwili, utakuta herufi ndogo. Ya kwanza ni mwezi, kwa mfuatano wa BLACKPOWDERX: B ni Januari, L Februari, hadi X Desemba. Ya pili ni mwaka. Lakini hiyo ni tarehe ya mtutu, siyo ya bunduki, na wauzaji wengi wanaisoma kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Ile ya Express, iliyoanza 1987, ina chuma kisichong'arishwa na hushika kutu haraka usipoipaka mafuta. Usivuke dola 275.

Ya pili ni Browning Auto-5. Zile za Ubelgiji zina thamani kubwa kuliko za Japani zilizofuata miaka ya 1970, na uzalishaji ulikoma 1998. Dola 700 hadi 900 kwa ya Ubelgiji si wizi. Ila ukitaka kuwinda bata jihadhari: tangu 1991 marisau (zile chembe ndani ya ganda) ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani nzima kwa ndege wa majini, na Browning wenyewe wanakataza marisau ya chuma kwenye mitutu ya Ubelgiji. Chuma hakibonyei kinapopita kwenye mbano wa mdomo, na mtutu unavimba. Tumerudi kwenye pete ile ile.

Mossberg 500 ni ya tatu. Mwili wake ni wa alumini, mkono wangu haukuupenda, lakini kitufe chake cha usalama kiko juu katikati, na kwa anayetumia mkono wa kushoto naiweka ya kwanza. Dola 250. Zile za risasi moja moja za dola 120 zinafyatua, basi.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wanaopanga bei kwa kutazama matangazo ya wenzao. Bei iliyoandikwa siyo bei iliyolipwa! Kwenye minada ya mtandaoni tafuta zilizokwisha kuuzwa. Tangu Remington ifilisike mara ya pili 2020, na kiwanda chake cha Ilion, New York, kufungwa 2024, kila mwenye 870 yenye kutu anakwambia "hazitengenezwi tena hizi". Na ukikuta chuma kimepakwa rangi upya, herufi zimefifia na kingo zimelainika, mkusanyaji wa bunduki atakata nusu ya thamani, hata kama muuzaji anaiita "kama mpya".

Kabla ya yote, ndugu zangu, kumbukeni fomu ya 4473 dukani, ile ya serikali ya Marekani anayoijaza mnunuzi wa bunduki. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Mwenye visa ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kwa misamaha michache, na kuwa na leseni ya uwindaji ni mmojawapo.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu. Wingmaster, dola 480. Akaomba kuchungulia, muuzaji akasema mtutu ni safi, ameusafisha mwenyewe. Shemeji akawasha tochi hata hivyo, akazungusha, akasimama. Akampa mzee bunduki na tochi bila neno. Mzee akatazama muda mrefu, akapitisha kidole nje ya mtutu, akairudisha kaunta. "Dola 300," akasema. Tuliichukua kwa 280, na mtutu mwingine tumeshauagiza.